Mafua, Habasoda na Mipaka ya Dawa za Nyumbani



Katika Sahihi ya Imam Muslim imepokewa kutoka kwa Sahaba Salama bin Al-Akwa' (R.A.) kwamba mtu mmoja alipiga chafya mbele ya Bwana Mtume (S.A.W.), naye akamwombea rehema kama ilivyo desturi yetu mpaka hii leo. Kisha yule mtu akapiga chafya mara ya pili. Hapo Bwana Mtume akasema kwamba mtu huyu ana mafua. Hadithi ni fupi kiasi hicho, na wengi wetu tulioisoma chuoni tuliichukua kuwa ni mas-ala ya adabu tu: mwenye chafya aombewe mara ngapi, na baada ya hapo aachwe. Ni kweli hukumu hiyo imo. Lakini mimi kila nikizidi kuwa mtu mzima naona mna jambo jingine ndani yake. Bwana Mtume alimtazama yule mtu. Chafya ya kwanza ilikuwa chafya, na ya pili ikamjulisha kuwa mbele yake yuko mgonjwa, akayaita maradhi kwa jina lake.

Na Abu Huraira (R.A.) amesimulia kuwa Bwana Mtume mwenyewe akipiga chafya alikuwa akifunika uso kwa mkono wake au kwa nguo yake, na akiipunguza sauti. Haya tumeyasoma sote, na bado ukisimama katika safu siku za baridi ya kusi utamsikia mwenzio akikohoa juu ya shingo ya aliye mbele yake kana kwamba hajapata kuisikia hadithi hiyo. Lakini tusitoke nje ya maneno yetu.

Leo nataka tuzungumze juu ya maradhi haya ambayo hakuna nyumba isiyoyajua, na juu ya dawa tunazojitibia nazo majumbani: zimetoka wapi, wazee waliotangulia walisema nini juu yake, na zinaishia wapi. Hilo la mwisho, la kuishia kwake, nalijua kwa kosa langu mwenyewe, na nitalieleza pahala pake.

Tuanze na habasoda, maana ndiyo iliyo midomoni mwa watu. Asili yake ni hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo maana yake ni kuwa mna ponyo ndani ya mbegu hiyo nyeusi kwa kila maradhi isipokuwa mauti. Imam Bukhari ameitanguliza kwa kisa. Watu walikuwa safarini, na mmoja wao, Ghalib bin Abjar, akaugua njiani, wakafika Madina naye bado mgonjwa. Ibn Abi Atiq akaja kumtazama, akawaambia wachukue punje 5 au 7 za habasoda, wazisage, kisha wazitie katika mafuta na kumdondoshea matone katika pua, upande huu na upande huu, kwani yeye alimsikia Bibi Aisha (R.A.) akiipokea hadithi hiyo kwa Bwana Mtume. Ukumbuke vizuri, msomaji, kwamba Ghalib alikuwa mwanamume mzima, msafiri.

Baada ya hapo matabibu wa Kiislamu waliichukua mbegu hiyo wakaitazama kwa macho ya kazi yao. Ibn Sina, aliyefariki Hamadan mwaka 428 wa Hijra, sawa na 1037, ameitaja katika kitabu chake mashuhuri cha Al-Qanun. Anasema hufaa kwa mafua, khasa ikikaangwa kisha ikatiwa katika kifuko cha kitani na mgonjwa akawa anainusa. Miaka 300 baadaye Ibn al-Qayyim wa Damaski, aliyefariki 751, yaani 1350, aliyataja hayo hayo katika sehemu ya tiba ya kitabu chake cha Zad al-Ma'ad: isagwe, ifungwe katika kitambaa, inuswe. Basi na wewe muulize bibi yako, kama bado unaye, alikuwa akifanya nini ulipozibwa na pua utotoni. Atakwambia alikaanga habasoda katika kikaango kikavu, akaiponda kidogo, akaifunga katika pembe ya leso, akakwambia unuse. Bibi yangu mimi alifanya hivyo hivyo katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, naye hakupata kufungua kitabu cha tiba hata siku moja. Dawa ya tabibu wa Hamadan ilimfikia kwa mikono ya wanawake.

Na Al-Razi, aliyekufa kiasi cha miaka 100 kabla ya Ibn Sina, aliandika risala ndogo juu ya jambo ambalo wengine wangelipuuza. Mtaalamu mwenziwe, Abu Zayd al-Balkhi, alikuwa akishikwa na mafua kila masika ya maua, anaponusa waridi. Al-Razi akakaa kutafuta sababu. Leo madaktari huhesabu risala ile kuwa ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa juu ya mafua yasiyotokana na vijidudu, bali na kitu ambacho mwili wa mtu fulani haukipatani nacho. Katika nyumba zetu kitu hicho huenda kikawa vumbi la mkeka, au manyoya ya paka, na nasema kwa masikitiko, pia moshi wa udi na ubani. Nimewahi kumwona mama akimfukizia ubani mtoto mwenye mafua kila jioni ili apone, na ubani wenyewe ndio uliokuwa ukimchokoza pua.

Matabibu hawa hawakuijua asili ya maradhi. Kwa elimu ya zama zao, mafua ni maji mabaya yanayoteremka kutoka katika ubongo: yakiteremkia puani huitwa zukaam, na yakiteremkia kooni na kifuani huitwa nazla. Tunajua leo kwamba sivyo. Lakini tazama jinsi walivyogawanya. Wakiwa wamekosea chanzo, waliona kwa macho yao kwamba kuna mafua ya pua, ambayo ni taabu ya siku chache, na kuna yanayoshuka kifuani, ambayo ni jambo jingine kabisa. Mgawanyo huo ndio ambao mimi mwalimu wa dini niliusahau.

Sasa hizo nyingine tunazoziita dawa za kienyeji. Jina hili hunichekesha kidogo, maana karibu zote ni wageni waliofika kwa bahari. Tangawizi na pilipili manga zilikuja na majahazi ya kaskazi kutoka Bara Hindi, na mdalasini ukatoka Silani. Mkarafuu ni mti wa visiwa vya Maluku, mbali huko mashariki, nao ulipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan ndiye aliyeuenea kisiwa. Mwarobaini ni mti wa Kihindi. Mkaratusi, ambao majani yake tunayatia katika chungu cha kujifukizia, asili yake Australia, na ulipandwa Kenya kuanzia mwaka 1902 ili upatikane ukuni wa gari la moshi. Yaani wazee wetu waliuona mti uliopandwa kwa ajili ya reli, wakanusa majani yake, wakayapeleka jikoni. Hapo ndipo ulipo ustadi wao: hawakukataa kitu kwa kuwa ni kigeni, wala hawakukipokea bila ya kukijaribu.

Ama karafuu maiti, ambayo Mwenyezi Mungu ameitaja kafuri katika Suratul Insan, sura ile ile iliyotajwa tangawizi, hiyo tunaijua zaidi kwa kuoshea wafu, na ndiyo iliyoipa jina. Lakini ndiyo hiyo iliyomo katika marhamu za kifua zinazouzwa madukani katika vikopo. Kuinusa kwa mbali kwa mtu mzima si neno. Kuila ni sumu, na kwa mtoto mdogo kiasi kidogo tu humtia kifafa. Isitiwe kinywani kabisa, na marhamu hizo asipakwe mtoto mchanga, wala mtoto yeyote asipakwe puani.

Nimekwisha mtaja bibi yangu. Yeye alikuwa mtoto wa miaka kiasi cha 10 mwaka 1918, na aliyonihadithia juu ya mwaka ule ndiyo yaliyonifanya nipende kuisoma habari hii.

Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa karibu kwisha. Homa ya mafua iliyowashika watu ulimwengu mzima iliingia Mombasa mwezi wa Septemba, mwisho wa mwaka 1336 wa Hijra, pamoja na meli zilizotoka Bombay. Watu wa Ulaya waliiita homa ya Kihispania, si kwa kuwa ilianzia Hispania, bali kwa sababu nchi ile haikuwa vitani na magazeti yake yaliachiwa kuandika ukweli, wakati nchi zilizopigana zilificha habari za wagonjwa wake. Kutoka bandarini ilipanda gari la moshi mpaka bara, na askari na wapagazi wa vita waliokuwa wakirudi makwao, wale wa Kariakoo, wakaichukua mpaka vijijini. Wataalamu wengi hukisia kuwa ulimwenguni walikufa watu kiasi cha milioni 50, na Bara Hindi peke yake zaidi ya milioni 10. Na ajabu yake ni hii: mafua ya kila mwaka huwaua zaidi wazee na watoto wachanga, lakini yale yaliwaua kwa wingi vijana wenye nguvu, wa miaka 20 mpaka 40.

Katika nyumba ya bibi walikuwamo watu 7, na wote walilala kwa siku mbili. Hakukuwa na wa kuteka maji kisimani. Alinieleza kwamba jambo alilolikumbuka kuliko homa yenyewe ni kiu: alikuwa akiuona mtungi kwenye pembe ya chumba na asiweze kuufikia. Siku ya tatu akaingia mke wa jirani, ambaye alikuwa amekwisha ugua yeye na kuinuka. Alikuja na chungu cha uji wa mchele wenye tangawizi, akawainua vichwa mmoja mmoja na kuwanywesha, kisha akajaza mtungi. Akaja hivyo kila siku baada ya alfajiri. Watano waliinuka. Wawili walikufa: mtoto mchanga, na ami yake bibi, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini, mwenye nguvu kuliko wote mle ndani. Nilimuuliza bibi, nami ni kijana mwenye kupenda majibu, kama yule ami hakupewa dawa. Akanijibu: "Alipewa yote tuliyopewa sisi, mwanangu. Uji ule ule, habasoda ile ile."

Bibi hakusema hata siku moja kwamba uji ule au habasoda ile iliwaponya. Alisema tu kwamba kama yule jirani asingekuja, wote wangelikufa kwa kiu. Na Bibi Aisha (R.A.) alipokuwa akiagiza talbina, ule uji mwepesi wa shayiri, apewe mgonjwa na mwenye msiba, alipokea kwa Bwana Mtume kwamba unautuliza moyo wa mgonjwa. Hakukusemwa kwamba unakata maradhi.

Wala usidhani wenye elimu ya Ulaya walikuwa na zaidi mwaka ule. Daktari mmoja wa Kijerumani, Pfeiffer, alikuwa ametangaza mwaka 1892 kwamba amekipata kijidudu cha homa ya mafua, na madaktari walikiamini, kumbe sicho. Virusi vyenyewe vya mtu vilipatikana London mwaka 1933. Aspirini ilikuwa dawa mpya, imeingia sokoni mwaka 1899, na wakati wa homa ile madaktari waliwapa wagonjwa kwa wingi wa kutisha. Mwaka 2009 daktari wa Marekani, Karen Starko, aliandika kwamba kiasi kilichoshauriwa wakati ule, gramu 8 mpaka 31 kwa siku, tunajua sasa kuwa ni sumu, na huenda kiliongeza vifo. Kuipenda dawa kupita mpaka wake si ugonjwa wa watu wa vijijini peke yao.

Baada ya vita vya pili Waingereza walifungua kituo karibu na mji wa Salisbury, mwaka 1946, kwa kazi moja tu ya kuyachunguza mafua. Kwa zaidi ya miaka 40 walikaribisha watu wa kujitolea kwa maelfu, wakawalaza, wakawatia mafua kwa makusudi puani. Waliwahi hata kuwaogesha baadhi yao na kuwasimamisha na nguo maji kwenye upepo, na hawakupata mafua kuliko wenziwao waliokaa pakavu. Walijifunza mengi, lakini dawa ya kuyakata mafua hawakuipata. Sababu moja ni kwamba mafua hayaletwi na kirusi kimoja. Jamii moja tu ya virusi vyake ina aina zaidi ya 100. Basi anayekuuzia chupa sokoni na kukuapia kuwa inakata mafua kwa siku moja, mwulize amewapita vipi hao.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwaka 1991 nilikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, nafundisha chuoni, na watu wameanza kuniita sheikh. Mwanangu wa pili alikuwa na umri wa miezi 14. Alishikwa na mafua siku ya Jumamosi, pua zinamchuruzika, ana homa kidogo, lakini anacheza. Mke wangu alimpa maji na uji, na nia yake ilikuwa kungoja tu. Mimi nikaingia na elimu yangu. Nikasema ipo dawa iliyotajwa katika Sahihi, tunangoja nini? Nikanunua mafuta ya habasoda, nikamlaza mtoto chali, nikamdondoshea puani kama nilivyosoma katika kisa cha Ghalib. Mtoto alipaliwa, akakohoa, akalia. Nikafanya hivyo asubuhi na jioni, siku tatu.

Siku ya Jumanne aliacha kucheza, na Jumatano akakataa kunyonya. Mke wangu akasema tumpeleke hospitali. Nikamjibu maneno ambayo hata leo nayaonea haya: kwamba dawa ya Mtume haishindwi, ila imani yetu ndiyo iliyo dhaifu. Tuliswali Isha, na mama mkwe wangu akaja kututazama. Yeye alikuwa mwanamke asiyejua kusoma ila Kur'ani. Akamfunua mtoto kanzu, akaweka kiganja juu ya tumbo lake, akanyamaza. Nikamwona anavuta pumzi zake mwenyewe polepole, na chini ya mkono wake tumbo la mtoto linapiga mara tatu kwa kila pumzi yake moja. Mbavu za chini zilikuwa zikibonyea ndani na pua zikitanuka. Akaniambia, "Maalim, haya si mafua tena. Haya yameshuka."

Tulikwenda usiku ule ule. Ilikuwa kichomi, ile wanayoiita nimonia. Daktari akatuuliza mtoto amepewa nini nyumbani. Mimi nilinyamaza. Mama mkwe ndiye aliyejibu mbele yangu: "Baba yake alimtilia mafuta puani." Yule daktari hakunigombeza. Alinieleza kwamba mafuta yakipita njia ya pumzi ya mtoto mdogo hukaa katika mapafu, mapafu hayajui kuyatoa, na kwamba madaktari wa Bara Arabu wamewaona watoto wengi waliougua kwa kutiliwa samli puani. Mtoto alikaa siku 11 hospitalini, kwa sindano na hewa ya mtungi. Alhamdulillahi ni mzima, na sasa yeye mwenyewe ni baba.

Niliporudi nyumbani nilifungua Fat-hul Bari, sherehe ya Bukhari ya Imam Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki 852, sawa na 1449. Kitabu kilikuwa rafuni kwangu siku zote hizo. Chini ya hadithi ile ile niliyoishikilia nikakuta Ibn Hajar amenakili maneno ya Al-Khattabi, aliyefariki 388, kwamba tamko la kila maradhi ni la jumla lakini makusudio yake ni mahsusi, yaani maradhi ya baridi na unyevu. Na akamnakili Kadhi Abu Bakr bin Al-Arabi wa Andalusi, aliyefariki 543, aliyesema kuwa kwa matabibu asali ndiyo iliyo karibu zaidi na kuwa dawa ya kila maradhi kuliko habasoda, na juu ya hivyo yako maradhi ambayo mwenye nayo akinywa asali itamdhuru. Hawa hawakuwa watu wa imani dhaifu. Walikuwa wakubwa wa elimu ya hadithi, waliiamini kila herufi yake, na waliona kwamba kuiamini ni pamoja na kujua inamhusu nani, kwa maradhi gani na kwa kiasi gani. Mimi nilikuwa nimesoma matini nikaacha sherehe. Zaidi ya hayo, Usama bin Sharik (R.A.) amepokea kwamba mabedui walimuuliza Bwana Mtume kama wajitibu, naye akawaambia wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa. Hakuwafungia mlango mmoja.

Basi nyumba yangu tumefanya vipi tangu siku ile? Dawa za wazee hatukuzitupa. Mafua ya kawaida huondoka yenyewe kwa siku 7 mpaka 10, na kikohozi huweza kubaki wiki mbili au tatu, na katika siku hizo mwenye kuugua anataka kusaidiwa. Tangawizi iliyochemshwa na ndimu hulainisha koo na kumfanya mgonjwa anywe maji mengi, na hayo maji ndiyo muhimu. Asali kabla ya kulala kwa kikohozi cha mtoto imepimwa: mwaka 2007 madaktari wa Marekani waliilinganisha na dawa ya kikohozi ya dukani, na wazazi waliona asali ndiyo iliyowapa watoto nafuu zaidi. Uingereza nayo tangu 2018 imekuwa ikiwashauri watu waanze na asali. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka asilambishwe asali hata kidogo. Mna mbegu za kijidudu ambazo kwa mtu mzima hupita bila ya dhara, na katika utumbo wa mtoto mchanga humea na kutoa sumu inayolegeza mwili mpaka pumzi. Jambo hili lilijulikana mwaka 1976 tu, hivyo bibi zetu hawana lawama. Wanaotaka kumfanyia mtoto tahniki, sunna iliyothibiti ni ya tende.

Pua ya mtoto ikiziba, maji yaliyochemshwa yakapoa na chumvi kidogo, matone mawili matatu, yanatosha badala ya mafuta. Kifuko cha habasoda anuse anayeweza kukishika mwenyewe. Kujifukiza, ambako kulienea sana Tanzania mwaka 2020 na 2021 wakati wa korona, humpa mtu mzima nafuu ya pua na hakuui virusi. Na mtoto asifunikwe shuka juu ya chungu cha maji ya moto, kwa maana waliounguzwa na chungu hicho ni wengi. Homa ikimsumbua mtoto apewe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, na aspirini asipewe mtoto mwenye mafua, kwani imejulikana kuwa huweza kuharibu ini na ubongo wake. Vidonge vya kuua bakteria vinavyonunuliwa dukani bila ya cheti havigusi virusi vya mafua. Na kwa kuwa tunakaa pwani yenye mbu, homa isidhaniwe tu kuwa ni ya mafua. Damu ipimwe malaria.

Saa yenye mshale wa sekunde tumeitundika katika chumba cha watoto. Mtoto mwenye mafua hufunuliwa kifua akiwa ametulia, zikahesabiwa pumzi zake kwa dakika nzima. Aliye chini ya miezi 2, zikifika 60 ni nyingi. Wa miezi 2 mpaka mwaka, 50. Wa mwaka 1 mpaka 5, 40. Zikifika hapo, au mbavu zikibonyea, au midomo ikigeuka rangi, au mtoto akikataa kunyonya na kunywa, au akishikwa na degedege, haingojwi Isha wala alfajiri. Mzee, mwenye mimba, mwenye sukari, mwenye pumu na mwenye siko seli nao wasingoje siku nyingi. Watu hawa, na anayekusudia Hija, waulize hospitali habari ya chanjo ya homa ya mafua. Aliyewahi kulala Mina anajua vile vikohozi vya usiku.

Mgonjwa wako ukimfikisha kwa daktari, mweleze kila ulichompa nyumbani, kiwe habasoda, mafuta, mizizi au kombe, kwa kiasi chake na siku zake, wala usingoje mama mkwe akusemee.